Fulana ya kituo haimlindi mtoto

Juzi mfadhili wetu mmoja, mtu mwema kabisa, amenipigia simu. Anataka kutuchapishia fulana 40 za njano zenye jina la makao yetu ya watoto kifuani, kabla hatujawapeleka watoto Tanga likizo ya Juni. "Wakivaa hivyo hapotei mtu," akasema. Maneno hayo nayasikia kila mwaka, kwa wafadhili, kwa walimu, hata kwa walezi wenzangu hapa Moshi, na nimechoka kuyajibu nusu nusu kwenye simu.

Fulana ile inamwambia nini mtu asiyetujua? Inamwambia kwamba mtoto huyu mzazi wake hayupo hapa, na kwamba amezoea kuongozwa na watu wazima wanaobadilika kila mara. Tena inampa jina la kuanzia mazungumzo: "Wewe si wa kituo fulani? Mama yenu mlezi namjua." Mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo.

Halafu kuna aibu, ambayo wakubwa tunaipuuza. Mwaka mmoja pale Raskazone, ufukweni Tanga, nilimkuta binti wa miaka 14 amejifunga kanga shingoni hadi magotini, jua la saa saba, jasho linamtiririka. Nikamwambia aitoe atapata joto. Akanijibu taratibu, "Mama, wakisoma watatuita yatima. Na mama yangu yupo." Kweli yupo. Watoto wengi wa makao wana mzazi au ndugu aliye hai.

Na hata ukiyaweka hayo pembeni, mtoto akifika baharini anavua! Fulana zote zinabaki lundo mchangani, na ndani ya maji kila kichwa kinafanana na kingine. Kinachomlinda mtoto pale ni mlezi mwenye watoto watano anaowajua kwa majina, ambaye kazi yake kwa saa hiyo ni kutazama tu. Hapiki, hapigi picha, hachati. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana mdomo unaingia majini kabla hajapata pumzi ya kuita. Anaweza kuzama mita chache kutoka ulipokaa, na ukadhani anacheza. Mwenye kifafa akiingia majini, mkono wa mlezi uwe unamfikia muda wote.

Kuhesabu nako kunadanganya. Safari moja tulihesabu watoto 23, hesabu ikatimia, tukaanza kupanda Kosta. Mmoja alikuwa mtoto wa wavuvi aliyejichanganya kwenye mchezo, na wa kwetu alikuwa nyuma ya ngalawa amelala kivulini. Tangu siku hiyo tunaita majina na kila mtoto anaitika mwenyewe. Kila kundi lina ukanda wa kitambaa mkononi, rangi yake, bila maandishi. Ukanda hauvuliwi kwa kuogelea.

Mengine kwa haraka. Kibali cha afisa ustawi wa jamii kiwe mkononi kabla ya kulipia gari. Dawa za kila siku zitolewe faragha na kwa saa ileile ya nyumbani, hata kama mko katikati ya nyama choma. Vyandarua msiviache, kwa sababu malaria ya pwani si ya kuchezea. Wakubwa waijue namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure. Uliza wavuvi kuhusu bamvua: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na watoto wetu wa bara huyafuata yanapokupwa mpaka kwenye fungu la mchanga, kisha yanawazunguka yakirudi.

Lakini lililowahi kunikosesha usingizi halikutokea baharini. Njia ya Moshi kwenda Tanga inapita Mombo, na Mombo ndipo barabara ya Lushoto inapochepuka. Tulisimama kula. Kijana wetu wa miaka 12 tulimkuta kwenye Hiace, amekaa dirishani, ametulia, anasubiri ijae aende kwa bibi yake. Hakuwa mtoro. Aliona njia ya kwao.

Sasa nasoma majalada ya watoto wote, nijue kwao ni wapi, kabla ya kuchagua njia. Ila je, nimwambie mtoto mapema kwamba tutapita kwao? Mmoja nilimwambia, akakosa usingizi wiki nzima na safari yenyewe hakuifurahia. Mwingine nilimficha, akalia kuanzia Mombo mpaka Muheza, na mimi nikajilaumu. Nimewauliza wenzangu wenye miaka mingi kwenye kazi hii, kila mmoja ana jibu lake. Kwa sasa naamua mtoto kwa mtoto, na najua nitakosea tena.

Mfadhili nimemwomba fedha za fulana zilipe walezi wawili zaidi kwa siku nne. Yule binti wa kanga anakwenda tena mwaka huu. Ameniuliza kama anaweza kuvaa gauni lake la bluu. Nimemwambia avae.