Je, wajua kwa nini wanamichezo wa kike ni nadra kupamba ukurasa wa mbele?

Septemba 2023, Mtanzania Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika mbio za marathoni za Berlin kwa saa 2:18:41, rekodi mpya ya taifa. Litaje jina hilo kijiweni jijini Dar es Salaam, na wengi watauliza ni nani. Mtaje beki wa akiba wa Simba au Yanga, utaelezwa hadi klabu aliyotokea.

Sababu moja ni namna magazeti ya michezo yanavyouzwa. Kwenye meza za Kariakoo na Posta, wapita njia husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, na wengi huondoka bila kununua. Mhariri anayelijua hilo huweka mbele jina ambalo tayari lina mashabiki, na kwa hiyo asiyeandikwa hajulikani, na asiyejulikana haandikwi.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni mwendelezo. Klabu za Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga, huandikwa hata siku zisizo na mechi: nani ameumia goti, nani hajasaini mkataba, nani amenuniana na kocha. Ushabiki hulelewa na habari ndogondogo za namna hiyo, ilhali mwanamichezo wa kike husubiri medali ndipo atajwe, na wiki inayofuata amekwisha kusahaulika. Theresia Dismas alishinda fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, miaka tisa kabla ya Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, lakini ni Bayi anayekumbukwa.

Hali hii si ya Tanzania pekee. Nchini Marekani, watafiti waliopima muda wa habari za michezo katika televisheni walikuta wanawake wakipewa takriban asilimia 5 mwaka 1989; mwaka 2019 ilikuwa asilimia 5.4.

Hudaiwa kwamba michezo ya wanawake haina watazamaji. Tarehe 26 Desemba 1920, watu wapatao 53,000 walifurika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kutazama mechi ya wanawake. Mwaka uliofuata Chama cha Soka cha Uingereza kikawapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu wanachama, marufuku iliyodumu takriban nusu karne. Watazamaji walikuwapo, wakafungiwa mlango.

Wala jina kubwa peke yake halitoshi. Simba Queens, timu ya wanawake ya klabu ya Simba, wanavaa jezi nyekundu ileile, na mwaka 2022 walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Mwaka huohuo Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, waliifunga Ufaransa 2-1 na kutinga robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, ilhali timu ya wakubwa ya wanaume, Taifa Stars, haijawahi kufuzu Kombe la Dunia. Hata hivyo, uvumi wa usajili wa wachezaji hao hao wa Taifa Stars katika klabu hizo mbili za Kariakoo ndio unaojaza kurasa kila msimu.