Kina cha Bahari ya Antaktika si Jangwa

Wengi huamini kwamba katika bahari za ncha za dunia, kadiri unavyoshuka ndivyo uhai unavyokwisha. Dhana hii ni kongwe. Mwaka 1843 Edward Forbes, mwanasayansi wa Uingereza, alidai kuwa chini ya mita 550 hivi hakuna mnyama, ingawa tangu 1818 nahodha John Ross alikuwa ameshapandisha kiti cha pweza (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) kutoka kina kirefu zaidi katika Baffin Bay, kati ya Greenland na Kanada.

Tazama McMurdo Sound, Antaktika. Palipo patupu ni juu, si chini. Mpaka mita 15 hivi, barafu huganda kwenye sakafu ya bahari yenyewe, ikawafunika wanyama, kisha hung'oka na kuelea pamoja nao. Ni wachache wanaodumu hapo. Kati ya mita 15 na 33, barafu hiyo ikizidi kupungua, utakuta anemoni (wanyama laini wanaofanana na maua) na matumbawe laini. Chini ya hapo ndipo penye utajiri hasa: sponji kubwa (wanyama wanaokaa mahali pamoja), nyingine zinazomzidi binadamu kwa ukubwa, na mabaki yao kama vijiti vya kioo yamerundikana yakawa makazi ya viumbe wengine.

Mwaka 2021, katika Weddell Sea, huko huko Antaktika, watafiti walikuta mamilioni ya viota vya samaki kwenye kina cha zaidi ya mita 400, vingi vikilindwa na samaki mmoja mmoja.

Ni kweli kwamba kwenye maelfu ya mita chakula kinachodondoka kutoka juu hupungua, na wanyama nao hupungua. Hata huko hawatoweki kabisa.