Je, wajua kwa nini bwawa lenye klorini ya kutosha linaweza kugeuka kijani?

Maji ya bwawa la kuogelea yanaweza kupimwa asubuhi, yakaonyesha klorini miligramu 3 kwa lita kama maelekezo yanavyotaka, na bado kufikia mwisho wa juma yakaota mwani. Wenye mabwawa ya nyumbani Uganda, iwe Muyenga na Munyonyo jijini Kampala au Entebbe, wanapokutana na jambo hili, lawama huwaangukia wauzaji wa vidonge kwa kudhaniwa kuwa wameuza bidhaa bandia, au huiangukia stebilaiza kwa kudhaniwa kuwa imeiua klorini. Dhana ya kwanza haisimami, kwa sababu kama vidonge vingekuwa bandia kipimo kisingesoma kitu. Dhana ya pili imekaribia ukweli kiasi cha kupotosha zaidi.

Stebilaiza ni asidi ya sianuriki, na kazi yake ni kuikinga klorini dhidi ya jua. Kampala iko takriban theluthi moja ya nyuzi kaskazini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na haina majira ya baridi ya kufunga bwawa. Katika jua kali, klorini isiyo na kinga hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ndani ya muda usiofika saa moja, ingawa kasi hiyo hubadilika kulingana na pH (kipimo cha uasidi wa maji), mawingu na kina cha maji. Bila stebilaiza, mwenye bwawa angelazimika kutia klorini mchana kutwa.

Namna kinga hiyo inavyofanya kazi ndiyo yenye utamu. Molekuli ya asidi ya sianuriki ni pete yenye atomi tatu za nitrojeni, na klorini hushikana na atomi hizo kwa kifungo kinachofunguka na kufungika upya bila kukoma. Tuseme kuna steji ya bodaboda chini ya mwembe mkubwa, jua la saa saba likiwaka. Mwendesha boda aliyeko barabarani ndiye anayebeba abiria, lakini ndiye pia anayechomwa na jua hadi akaacha kazi; aliyeko kivulini habebi mtu, wala jua halimpati. Mmoja akiondoka na abiria, mwingine hutoka kivulini kushika nafasi yake. Klorini iliyo huru ndiyo ya barabarani, inayoua vijidudu na mwani na kuvunjwa na miale ya urujuanimno, ilhali iliyoshikana na stebilaiza ni akiba ya kivulini. Sasa mwembe ukitanua matawi na idadi ya waendesha boda ikabaki ileile, wanaopumzika wataongezeka, walioko barabarani watapungua, na abiria watasubiri. Mwani ni abiria asiyesubiri: huzaliana.

Hapo ndipo kipimo kinapowapotosha watu. Dawa ya kupimia klorini huinyakua ile iliyo huru, na papo hapo nyingine hujitoa kwenye stebilaiza kuziba pengo, nayo hunyakuliwa, hadi karibu yote ihesabiwe. Kwa hiyo ile miligramu 3 ni jumla ya walioko barabarani na walioko kivulini. Katika maji yenye pH ya 7.5 na stebilaiza miligramu 50 kwa lita, zaidi ya asilimia 90 ya klorini inayosomeka imo kivulini, na hilo si kosa, kwa kuwa sehemu ndogo inayobaki hutosha maadamu jumla haijashuka mno. Namba ya klorini peke yake, basi, haitoi habari kamili mpaka isomwe pamoja na namba ya stebilaiza.

Hii pia ndiyo sababu si sahihi kusema kwamba klorini imekufa. Imepungua kasi tu, na mwongozo wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, unaonyesha ni kwa kiasi gani. Ili kumaliza kimelea cha Cryptosporidium bwawani, klorini ya miligramu 20 kwa lita hushikiliwa kwa saa 12 na dakika 45 pale ambapo hakuna stebilaiza, lakini kwa saa 28 pale ilipo, hata ikiwa haizidi miligramu 15. Ni vyema kukumbuka kwamba kimelea hicho ni sugu mno kwa klorini, hivyo saa hizo zisichukuliwe kuwa kipimo cha kila kijidudu.

Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 100. Watunzaji wengi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba klorini isiwe chini ya sehemu moja ya ishirini ya stebilaiza: stebilaiza ikiwa 40, klorini iwe angalau 2, ikifika 150, iwe 7.5, na hapo gharama huanza kuuma.

Inafikaje 150? Vidonge vingi vya klorini vinavyoyeyuka polepole vimetengenezwa kwa stebilaiza hiyohiyo. Kidonge cha gramu 200 huacha takriban gramu 110 za asidi ya sianuriki, yaani zaidi kidogo ya miligramu 2 kwa lita katika bwawa la lita 50,000. Viwili kwa juma, mwaka mzima, vitaleta zaidi ya miligramu 200 kwa lita maji yasipobadilishwa. Klorini huisha, lakini stebilaiza haivukizwi na jua wala haizuiwi na kichujio cha mchanga. Mvua za Machi hadi Mei huipunguza pale tu bwawa linapofurika na maji kutoka. Zikijaza tu pengo la maji yaliyovukizwa, hazijaondoa kitu.

Dawa, basi, ni kumwaga maji. Kutoa nusu na kujaza upya, kisha kurudia, hushusha 150 hadi 75, halafu hadi karibu 38. Kulikausha bwawa lote kwa mkupuo mmoja ni hatari karibu na ziwa au wakati wa masika, kwani maji ya ardhini yanaweza kulisukuma juu na kulipasua. Baada ya hapo, klorini ya unga ya kalsiamu haiongezi stebilaiza, ila isichanganywe kamwe na vidonge vile katika chombo kimoja, kwa maana mchanganyiko huo unaweza kuwaka moto au kulipuka.