Je, wajua kwa nini rejeta hupungukiwa maji na chini ya gari hakuna hata tone?

Unafungua boneti asubuhi, injini ikiwa ya baridi, unakuta maji yameshuka tena. Juzi tu uliyajaza. Chini pakavu, mipira ya kupitishia maji mikavu, na gari halijachemsha. Ila ukiwasha, nyuma ya dashibodi kuna sauti ya maji yanayogugumia, kama unayamimina kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Maji yanakwenda wapi, na hewa hiyo imeingilia wapi?

Mara nyingi maswali haya mawili yana jibu moja. Mfumo wa kupoza injini hufanya kazi chini ya presha. Tazama mfuniko wa rejeta, mingi imeandikwa 0.9 au 1.1, na hizo ni bar, kipimo cha presha, ambazo mfuniko huzistahimili kabla ya kuachia. Presha hiyo ina maana kubwa. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, ukibanwa kwa bar 1 hivi, huvumilia hadi karibu nyuzi 130. Sasa chukulia kuna tundu dogo kama ncha ya sindano. Injini ikiwa moto, maji husukumwa nje kupitia hapo, yanagusa chuma chenye joto na kugeuka mvuke kabla hayajawa tone. Kinachobaki ni ukoko mwembamba, mweupe au wenye rangi ya kulanti yenyewe. Ndiyo maana kutafuta kimiminika chini ya gari hakusaidii. Tafuta ukoko.

Kisha gari linazimwa na kupoa. Maji yanasinyaa na ndani panabaki mvuto. Kwenye mfuniko kuna vali ndogo ambayo wakati huo hufunguka ili maji yarudi kutoka chupa ya akiba. Lakini kukiwa na tundu mahali pengine, hewa hupenya kwa urahisi zaidi kuliko maji, na mfumo unavuta hewa badala yake. Kwa hiyo tundu lilelile linalotoa maji mchana ndilo linaloingiza hewa usiku. Anayetoa hewa kila wiki bila kutafuta tundu anajichosha bure.

Hewa ndani ya mfumo si jambo dogo. Hupanda na kukaa mahali pa juu, kwenye hita, kwenye nyumba ya themostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto), hata ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na haibebi joto kama maji. Chuma kilichozungukwa na hewa kinaungua hata kama pembeni kuna maji ya kutosha. Mbaya zaidi, sensa ya joto ikiwa ndani ya povu la hewa inaweza kusoma joto la chini wakati injini inateketea. Geji ikiruka ghafla kisha ikashuka yenyewe, shuku hewa. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hita: injini ina moto, umeifungulia mpaka mwisho, nayo inapuliza baridi.

Hewa ni ya aina tatu. Kuna iliyobaki wakati wa kujaza, nayo huisha: kiwango kinashuka mara moja au mbili, kisha kinatulia. Kuna hiyo inayovutwa na tundu, ambapo maji hupungua kidogo kidogo bila kukoma na kugugumia husikika zaidi asubuhi. Ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ikiungua, moshi wa mlipuko wa petroli au dizeli husukumwa moja kwa moja ndani ya maji. Washa gari likiwa baridi, ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla joto halijafika, presha hiyo haijatokana na joto. Mapovu kwenye chupa hayaishi na huongezeka ukikanyaga mafuta.

Fundi makini ana pampu ya mkono yenye geji, hufungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi, piga pampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, usiizidishe, kisha subiri dakika 15. Mshale ukishuka, shika tochi na kioo kidogo. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kilichowekwa makusudi ili sili yake ya kuzuia maji ikichoka, maji yatokee hapo. Mstari wa ukoko ukianzia hapo, pampu imekwisha. Angalia mahali tangi la plastiki la rejeta linapobanwa na alumini, na chini ya klipu za mipira. Ingiza mkono chini ya zulia upande wa hita: unyevu unaoteleza wenye harufu tamu, pamoja na ukungu unaonata kwenye kioo cha mbele, ni hita inayovuja. Rudia kipimo injini ikiwa na joto, maana kuna mianya inayofunguka chuma kikisinyaa na mingine kikitanuka. Na mfuniko wenyewe upimwe. Raba yake ikipasuka, maji hupungua na hewa huingia vilevile, na watu hubadilisha rejeta nzima kabla ya kuugusa.

Mshale ukishuka na nje hakuna kitu, toa plagi. Iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake inasema maji yanaingia kwenye silinda ile. Kuna pia dawa ya buluu inayopitishiwa mvuke wa rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini umo ndani ya maji. Utandu wa maziwa chini ya mfuniko wa oili usikutishe peke yake, safari fupi za baridi huuleta. Angalia stiki ya oili: ikiwa na maziwa hayo nayo, ndipo ushuku maji kwenye oili.

Tundu likishazibwa, ndipo hewa itolewe. Kamwe usifungue mfuniko injini ikiwa moto: presha ikitoka, maji yaliyopita nyuzi 100 huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Gari likiwa baridi, inua mbele, weka hita kwenye joto la mwisho, mimina polepole kwa faneli. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka maji yatoke bila povu. Washa injini mfuniko ukiwa bado wazi, minya mpira wa juu mara kwa mara, na usiondoke: themostati ikifunguka, nyingi kati ya nyuzi 82 na 95, maji hushuka ghafla nawe unajazia.

Likipoa, chora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya akiba. Angalia asubuhi tatu mfululizo kabla ya kuwasha. Maji yakibaki kwenye mstari, tundu ulilolipata ndilo lilikuwa lenyewe.