Je, wajua kwa nini daktari wa macho Uganda ni adimu lakini mshahara wake ni ule ule wa wenzake?

Vijana wanaosomea udaktari wananiuliza sana hili swali. Wakimaliza intaniship, yaani mwaka wa mazoezi hospitalini, wanaanza kupiga hesabu wachukue ubingwa gani, na wengi wanafikiri hivi, madaktari wa macho ni wachache mno, basi lazima wanalipwa kuliko wengine. Mimi ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, nimekaa idara ya macho huku mashariki miaka mingi, na ninachoona ni kwamba Uganda uchache na mshahara haviendi pamoja kabisa.

Tuanze na uchache wenyewe. Ule mpango wa dunia wa kupunguza upofu, VISION 2020, ulitaka nchi zetu za Afrika ziwe na angalau bingwa mmoja wa macho kwa kila watu 250,000. Sensa ya 2024 ilituhesabu milioni 45.9, gawanya hapo unapata mabingwa kama 184. Sisi hatufiki hata 100, na wengi wamejazana Kampala, kwa hiyo mzee wa Kaabong, wilaya ya mbali huko kaskazini mashariki, akianza kuona ukungu anaongozwa na mjukuu na fimbo mpaka siku atakapobahatika kupata gari la kumpeleka mbali.

Sasa mshahara. Serikali inalipa cheo, haiangalii fani. Ukiwa konsaltanti, yaani daktari bingwa wa cheo cha juu, Mbale, Arua au Mulago unalipwa skeli ya konsaltanti, uwe wa macho, wa mifupa, wa watoto au wa akina mama, wote mstari mmoja. Bajeti ya 2022/23 ilipopandisha mishahara ya wanasayansi daktari wa kawaida akaanza kupata shilingi milioni 5 na kitu kwa mwezi, konsaltanti mkuu akapita milioni 15, na hizo ni pesa nzuri tusidanganyane, lakini hakuna shilingi iliyoongezwa kwa kuwa fani fulani haina watu. Intani ndo aliumia, alikuwa amefikishwa milioni 2.5 halafu 2023 wakamrudisha milioni moja.

Marekani mambo ni tofauti, maana kule bima inalipa kwa kila kitu daktari anachofanya, ndo maana fani zinapishana sana. Takwimu za Medscape, tovuti ya madaktari, za 2023 zilionyesha daktari wa mifupa anapata wastani wa dola 573,000 kwa mwaka, wa macho 388,000, wa watoto 251,000. Unaona hata kule macho si namba moja, yuko katikati hivi. Sababu mojawapo ni kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho, ule ukungu wa ndani ya jicho, umekuwa wa haraka, na bima yao ya wazee, Medicare, inaangalia muda na kazi, ikiona imepungua inakata. Mwaka 2020 walishusha malipo ya daktari kwa jicho moja kutoka dola kama 650 hadi 560 hivi.

Huku kwetu tofauti ya mfuko inaanza jioni, daktari akitoka hospitali ya serikali na kwenda kliniki yake au ya mtu. Wa akina mama hakosi kazi, wanawake wanazaa kila siku na sizaria haisubiri. Wa mifupa boda boda zinamletea wagonjwa usiku na mchana, inasikitisha lakini ndo hali. Daktari wa watoto anaweza kukodi chumba kimoja, akaweka meza na kipimo cha kifua, akaanza. Wa macho hawezi, anahitaji ile taa ya kuchungulia jicho, kipimo cha presha ya jicho, darubini ya upasuaji, na akitaka mashine ya fako ya kuvunja mtoto wa jicho hapo anaongelea pesa ya kujenga nyumba. Ndo maana kliniki nyingi za macho ukiingia unakuta ukuta mzima wa fremu za miwani, miwani ndo inalipa kodi ya nyumba.

Na kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii, mgonjwa mwenyewe ni nani. Mtoto wa jicho unawapata zaidi wazee, na wazee wetu wengi ni wakulima wasio na mshahara, na bima ya afya ya taifa hatuna, muswada bunge lilipitisha 2021 lakini haujawa sheria. Kwa hiyo upasuaji ule ule unaomlipa daktari wa Marekani, huku unafanyika sana kwenye kambi za upasuaji za bure au za bei ya kuchangia, wafadhili wanalipa dawa na lenzi ya kuwekwa ndani ya jicho, daktari anapata posho. Siku ya kambi ukiwa ndani ya thieta utaona wazee wamekaa kwenye benchi wamevaa kofia za kitambaa, juu ya jicho la kupasuliwa wamebandikwa plasta yenye jina na namba ya nguvu ya lenzi, labda 21 au 22.5. Mimi nasoma ile namba kwa sauti, daktari anairudia, ndo nafungua pakiti, maana ukikosea lenzi umemharibia mtu maisha. Sindano ya ganzi pembeni ya jicho, kitobo kidogo ambacho hakishonwi, dakika 10 hadi 15, anayefuata! Kesho yake asubuhi tunafungua bandeji na mzee anaonyesha kwa mkono ile herufi E imeelekea wapi kwenye chati. Hiyo bei imewezekana pia kwa sababu ya Wahindi wa Aravind, hospitali za macho za kule India, walifungua kiwanda cha Aurolab 1992, lenzi iliyokuwa ya mamia ya dola ikashuka hadi dola chache.

Je, kazi zipo? Hitaji lipo kubwa mno, nafasi ndo chache. Unasoma miaka mitano, intani mwaka mmoja, halafu masta miaka mitatu Makerere au Mbarara, na kwenye masta wengi wanajilipia na kufanya kazi wodini bila mshahara, mtu ana familia, ana mkopo. Ukimaliza, nafasi ya serikali ni moja au mbili kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na mara nyingine iko kwenye karatasi lakini pesa ya kumlipa mtu haijatengwa. Hili linanikera sana, nchi haina mabingwa na bingwa yuko nyumbani anasubiri tangazo. Hospitali za misheni kama Ruharo kule Mbarara, Benedictine hapa Tororo na Mengo zinasaidia sana.

Wengine wanaogopa kwamba maafisa kliniki wa macho wanaosomea Jinja, na wale wa optometri, wapima macho na miwani, ambao Makerere ilianza kuwafundisha 2014, watawanyang'anya wagonjwa. Mimi naona kinyume, hao ndo wanaokaa wilayani, wanampima bibi, wanamwandikia rufaa, bila wao huyo bibi asingejua kama kuna dawa yake.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana, namwambia kama unatafuta pesa ya haraka nenda mifupa au akina mama, lakini hizo zina usiku mrefu, simu ya saa nane, mama anatoka damu. Wa macho analala nyumbani karibu kila siku. Na akikubali kutoka Kampala akakaa Lira, Soroti au Moroto, atapata kazi mpaka achoke, na kliniki yake pengine ndo itakuwa ya pekee mkoa mzima. Wale wanaopanga kuvuka hadi Marekani na digrii yao ya macho wajue kwamba kule kwa kawaida unarudia mafunzo ya ubingwa kuanzia chini, miaka minne, na nafasi zao za macho zinagombaniwa hata na wenyeji.