Kwa Nini Mradi Wangu Umeanzia kwenye Simu ya Kitochi

Wenzangu tunaosoma nao sayansi ya kompyuta hapa Dar es Salaam huniuliza kwa nini mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni mfumo wa kuwakumbusha kina mama tarehe za kliniki kwa ujumbe mfupi, ilhali wao wanatengeneza programu za simu janja zenye ramani na akili bandia. Wengi hudhani ni huruma. Huruma ninayo, lakini kinachonivuta zaidi ni kwamba sijaona kazi ngumu katika fani yetu kuliko kumfikia mtu asiye na bando.

Chukua ratiba ya chanjo. Mtoto hupewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, anapozaliwa, hurudishwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha akiwa na miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua na rubela. Ziara za mwanzo zimekaribiana na si rahisi kuzisahau. Linalonitia wasiwasi ni pengo la baada ya wiki ya 14, wakati mtoto ana afya njema, mama amesharudi kwenye biashara yake Tandale au Buguruni, na kadi ya kliniki imehifadhiwa mahali pasipoonekana kila siku. Kujumlisha siku kwenye tarehe ya kuzaliwa ni zoezi la mwaka wa kwanza. Shughuli inaanza pale ujumbe unapotoka kwenye seva.

SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120, na kwa kuwa kila herufi ya alfabeti ya GSM, ile orodha ya herufi za kawaida za SMS, huchukua biti 7, tunapata herufi 160. Kiswahili hutoshea humo bila taabu, isipokuwa kwa jambo moja dogo: ukiandika “kung’ata” katika programu ya kuandalia nyaraka, ritifaa, ile alama iliyo kati ya g na a, hupindishwa yenyewe, na ritifaa iliyopinda haimo katika alfabeti hiyo. Herufi hiyo moja huulazimisha ujumbe mzima kuhamia mfumo wa biti 16, ambao hubeba herufi 70 tu, na ujumbe uliokuwa mmoja hukatwa vipande viwili au vitatu vinavyolipiwa kila kimoja. Programu yangu hunyoosha ritifaa zote kabla ya kutuma. Ni mistari michache ambayo hakuna mtumiaji atakayejua kwamba ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi.

Nilifikiria pia kutumia menyu, kwa sababu hata mama anayeuza vitumbua bila kuwahi kugusa kompyuta huipitia kwa haraka menyu ya M-Pesa, huduma iliyoingia nchini mwaka 2008. Tatizo ni kwamba menyu ya aina hiyo humtaka mtumiaji aianzishe mwenyewe, na mawasiliano yakikatika hupotea. SMS, kwa upande wake, husubiri katika kituo cha mtandao kwa muda hadi simu iwashwe, jambo lenye maana kubwa kwa mtu ambaye chaji huipata kwa jirani.

Halafu kuna suala la nani anausoma ujumbe. Simu moja huweza kutumiwa na nyumba nzima, na hata bila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nisingependa shemeji ajue habari za afya za mtu kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo tunatuma hivi: “Habari mama. Kliniki ya mtoto ni Jumanne ijayo asubuhi. Njoo na kadi. Ukikosa siku hiyo, njoo siku ya kliniki inayofuata.” Hakuna jina wala aina ya chanjo. Sentensi ya mwisho niliisisitiza mimi, maana aliyechelewa huogopa kufokewa, na anayeogopa haji kabisa.

Sehemu ambayo bado naihangaikia ni ya muuguzi. Tayari anajaza rejesta na kadi, huku foleni ikiwa imefika nje. Ukimwongezea fomu ya tatu yenye visanduku kumi ataijaza wiki ya kwanza, kisha ataiacha, na mimi sitamlaumu. Nimeipunguza fomu hadi namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Msimamizi wangu anataka niongeze kata na jina la mama ili takwimu ziwe nzuri, na bado tunabishana.