The Drifters: jina moja, vikundi viwili

Wapenzi wengi wa doo-wop, mtindo wa Kimarekani wa kuimba kwa sauti za kupatana, huamini kwamba waimbaji walewale wa kikundi cha Marekani The Drifters waliorekodi "Money Honey" mwaka 1953 ndio walioimba "There Goes My Baby" mwaka 1959. Sivyo.

Kikundi cha kwanza kilianzishwa na Clyde McPhatter, chini ya kampuni ya kurekodi muziki ya Atlantic. Alipoingia jeshini aliuza sehemu yake ya jina kwa meneja, George Treadwell, na hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Jina lilikuwa mali ya meneja. Waimbaji walikuwa vibarua wa mshahara tu. Mwaka 1958 Treadwell aliwafukuza wote, akachukua kikundi kingine kabisa, The Five Crowns, akakivika jina lile. Humo alikuwamo Ben E. King, ambaye sauti yake ndiyo inayoongoza wimbo ule wa 1959. Naye hakudumu: mzozo wa malipo ulimwondoa mwaka uliofuata.

Kinachochanganya zaidi ni Johnny Moore. Aliimba katika kikundi cha zamani, kisha akarudi katika kile kipya. Mwaka 1964, Rudy Lewis, mwimbaji kiongozi wa kikundi kipya baada ya King, alipofariki ghafla siku moja kabla ya kurekodi "Under the Boardwalk", Moore ndiye aliyeshika maikrofoni.